Barabara ya Barafu Iko Wazi

Barabara ilikuwa imeyeyuka. Watu thelathini na tisa tulikuwa tumekwama Kambi ya Nne, kilomita tisini kaskazini ya mji, chini ya mnara wa kutafuta mafuta, na hakuna gari lililoweza kuingia wala kutoka. Mmoja wetu, dereva Ngwali, alikuwa amesagwa mguu wa kulia kuanzia goti kwenda chini, na asipofika hospitali ndani ya siku kumi angekufa.

Hayo ndiyo matatizo tuliyokuwa nayo sisi. Serikali haikuwa na tatizo lolote, kwa sababu kwa upande wake barabara ilikuwa wazi.

Nchi yetu iko juu kabisa ya dunia, kule ambako ramani huishia na fremu ya ukutani huanza. Ardhi yake ni kinamasi kitupu. Kipindi cha baridi kinamasi huganda kikawa kigumu kama sakafu, na hapo ndipo malori hupita juu yake yakipeleka mitambo ya kutafuta mafuta. Kikiyeyuka, hata kunguru hufikiri kwanza kabla ya kutua.

Mimi ni mgonga-ardhi wa wilaya. Baba yangu alikuwa mgonga-ardhi kabla yangu, na nilipoacha shule darasa la sita ni yeye aliyenikabidhi mtaimbo. Mtaimbo wenyewe ni wa chuma, kilo kumi na mbili, una ncha iliyochongwa. Sheria ya zamani ilikuwa fupi: uinue hadi kifuani, uuachie, ufanye hivyo sehemu kumi na mbili za njia. Ukizama zaidi ya upana wa vidole viwili, barabara haifunguliwi. Enzi za baba ilifunguliwa mwezi wa kumi na moja. Mimi nilipoanza, ilikuwa Desemba. Baadaye ikawa Januari. Mwaka juzi, mwishoni mwa Januari, niliuachia mtaimbo ukazama mpaka nikawa nimeushika kwa ncha za vidole, na nilipoinama kuuchomoa niliumwa na mbu shingoni.

Niliandika ripoti. Kuhusu mbu niliandika pia, kwa kuwa fomu ina sehemu ya "mengineyo".

Kampuni ya mafuta ililalamika kwamba msimu umekuwa mfupi. Waziri wa Barabara za Barafu na Neema za Ardhini, Mheshimiwa Chakupewa, akaunda kamati. Kamati ilikaa hotelini siku tisa na ikatoka na matokeo ambayo sisi watu wa mtaimbo hatukuwahi kuyafikiria. Ardhi, ilisema kamati, haina tatizo. Tatizo ni mtaimbo, ambao ni mkali kupita kiasi na hauna uzalendo.

Kwa hiyo ncha ikakatwa. Nikaenda kugonga, ukazama. Wakauchomelea sahani ya chuma, pana kama sinia la pilau. Ukazama polepole zaidi. Wakashusha kimo, badala ya kifuani iwe gotini. Ukazuka mjadala ni goti la nani, maana watu wa nchi hii hatulingani, na baada ya mashauriano ikaamuliwa kuwa ni goti la Mheshimiwa Waziri akiwa ameketi. Bado tope lilinirukia usoni. Mwishowe kamati ikaunganisha zile sehemu kumi na mbili za njia zikawa sehemu moja wakilishi, na sehemu hiyo ni ngazi ya zege iliyo mbele ya posta ya wilaya.

Nikagonga ngazi ya posta. Mtaimbo haukuzama. Ulilia kama kengele, na wapiga picha wakapiga picha.

"Bi. Mwatima," nilimwambia karani wa wilaya, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, "hii ni ngazi."

"Ngazi imekaa juu ya nini?"

"Juu ya ardhi."

"Basi umegonga ardhi. Saini hapa, kaka. Na hapa. Na hapa penye kijani."

Nilisaini. Nalisema mwenyewe mapema ili asije akalisema mtu mwingine kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, na nilikuwa nimeshachoka kurukiwa na tope.

*

Madereva wa nchi yetu wana mila moja ambayo haijaandikwa popote: aliyesaini hupanda mbele. Mgonga-ardhi akisema njia ni ngumu, yeye ndiye hukaa kwenye lori la kwanza, kando ya dereva. Hakuna dereva atakayewasha gari kabla hajamwona mgonga-ardhi amepanda. Kwa sababu hiyo madereva na wagonga-ardhi ni watani tangu zamani, hutukanana asubuhi na kula sahani moja mchana.

Mwaka ule baridi ya kweli ilikuja siku kumi tu, kama mgeni aliyerudi kuchukua mwavuli. Katika siku hizo kumi msafara wa kwanza ulipita, ukasimamisha mnara, ukaacha watu ishirini na wanne kambini, na malori yakarudi mjini. Msafara wetu ulikuwa wa pili. Malori kumi na manne, yamebeba dizeli, unga na mabomba. Lori la kwanza ni la Ngwali, mtu wa miaka hamsini na miwili, mnene, kofia ya manyoya iliyoliwa na nondo.

"Haya, mgonga ngazi, panda!" aliniita. "Leo tutajua kama ardhi umeioa au umeichumbia tu."

"Wewe endesha. Lori lenyewe linakushinda kwa akili."

"Lori lina akili, ndiyo maana linatetemeka. Wewe hutetemeki kwa nini?"

Sasa kuna jambo la milango. Tangu barabara ya barafu iwepo, madereva huendesha milango ikiwa wazi. Huingia baridi mpaka meno yanauma, lakini barafu ikipasuka mtu anaruka. Mwaka ule Wizara ilitoa waraka. Milango iliyo wazi, ulisema waraka, inatoa taswira kwamba barabara si salama, na taswira hiyo inawavunja moyo wawekezaji. Milango ifungwe. Na ili ifungwe kweli, akaja ofisa na waya na madini ya risasi, akautia kila mlango lakiri ya serikali, muhuri wenye nembo ya taifa. Atakayevunja lakiri ya serikali, kifungo miaka mitano.

Kilomita ya themanini na sita barafu ilitoa sauti kama mtu anayepasua khanga mpya. Upande wa dereva ukaanza kushuka. Nilimwona Ngwali kwa macho yangu: mkono wake ulifika kwenye kitasa, ukasimama. Aliitazama lakiri. Amekuwa dereva wa serikali na wa kampuni miaka thelathini, hajawahi kupata hata onyo. Ilikuwa ni muda wa mtu kumeza mate. Kisha jukwaa la injini likasogea nyuma, likamkuta mguu.

Mimi nilitokea dirishani, maana la kwangu lilikuwa bovu halifungi. Madereva wengine walisimama kuja kutusaidia, na kusimama ndilo kosa kubwa kwenye ardhi laini, kwa sababu lori linalosimama huzama. Tulipokuwa tukimtoa Ngwali kwa mtaimbo wangu, tuligeuka tukaona malori kumi na matatu yakishuka moja moja nyuma yetu, taratibu, taa zikiwaka, kama watu wanaokaa chini kwenye hitima.

Tukamkokota kwa turubai kilomita nne hadi kambini. Kesho yake tukarudi kuvingirisha mapipa ya dizeli tuliyoweza kuyafikia. Tulipata kumi na mawili.

*

Kambini mpishi alikuwa mama mmoja anaitwa Sikudhani. Aliwahi kuhudhuria semina ya huduma ya kwanza siku tatu na cheti chake kilitundikwa juu ya jiko. Kwa cheti hicho akawa daktari wetu. Aliosha mguu, akaufunga vipande vya mbao, akanivuta nje.

"Shemeji, mimi napika, sikati," aliniambia. "Mguu huu unataka kukatwa na mtu aliyesomea. Nina vidonge vya maumivu vya siku nne. Siku kumi akiwa bado hapa, tumemzika."

Nikaenda kwenye redio. Akapokea Bi. Mwatima.

"Tunahitaji helikopta," nilisema. "Kuna mtu atakufa."

"Pole sana, kaka. Helikopta ni ya maeneo yasiyo na barabara. Kanuni ya saba. Nyinyi mna barabara."

"Barabara imeyeyuka."

"Nina hati hapa mezani inasema iko wazi. Imesainiwa na, subiri nivae miwani. Imesainiwa na wewe."

"Basi naifunga."

"Unaweza kabisa, ni haki yako. Jaza Hati ya Kufunga. Lakini haisomwi redioni. Lazima iletwe yenyewe, mkononi mwa mgonga-ardhi."

"Niilete kwa njia gani?"

"Kwa barabara."

Redio ikakoroma.

"Bi. Mwatima, wewe ni mtu mzima. Unajisikia unachosema?"

"Najisikia, kaka. Nimekaa kiti hiki miaka kumi na tisa nikijisikia. Mpe pole mgonjwa. Ovaa."

*

Kulikuwa na njia nyingine, na wote tuliijua. Nyuma ya ghala palikuwa na trekta la minyororo mipana, la kuvutia mabomba. Kwenye tope lile lingeweza kuogelea kama kiboko, likivuta sleji, lile gari la kuteleza lisilo na magurudumu, na kumfikisha Ngwali mjini kwa siku mbili au tatu. Lilihitaji mapipa manane ya dizeli. Tulikuwa na kumi na mawili.

Lakini chini ya mnara kulikuwa na majokofu sita.

Meneja wa kambi, Injinia Mbwiliza, kijana nadhifu aliyevaa kofia ngumu hata mezani, alinionyesha majokofu hayo kwa fahari. Yalikuwa yakipuliza baridi ardhini mchana kutwa ili mnara usizame. Yalikunywa pipa moja na nusu kwa siku.

"Mnara unahitaji ardhi iliyoganda," alinieleza. "Ardhi haigandi kwa sababu ya joto. Joto, kwa mujibu wa wataalamu, limeletwa na kuchoma mafuta. Kwa hiyo tunachoma mafuta kuigandisha ardhi, ili tuchimbe mafuta."

"Na mkiyapata?"

"Tutapanua uwezo wa majokofu."

Nilimwomba mapipa manane kwa ajili ya Ngwali. Alinisikiliza vizuri, akaandika hata kwenye daftari. Kisha akasema Mheshimiwa Waziri anakuja Alhamisi kuzindua barabara kwa upande wa kaskazini, na hawezi kukuta mnara umeinama. Baada ya Alhamisi tutazungumza.

"Anakujaje?" aliuliza Sikudhani, aliyekuwa ameleta uji.

"Kwa helikopta," alisema Injinia.

Sikudhani akaweka sufuria chini. Mimi nikaweka kijiko. Ngwali, aliyelala kwenye benchi la jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na moto, alifungua jicho moja.

"Sasa mnanitazama nini?" alisema. "Ninyoeni ndevu. Nasafiri."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya nne. Tulimnyoa. Sikudhani alimfunga mguu kitambaa safi na kumpaka mafuta ya karafuu kuzunguka kidonda, kwa ajili ya harufu. Tukamlaza kwenye mlango tuliouchomoa wa ghala, wanaume wanne tukambeba hadi uwanjani.

Helikopta ilitua kwenye zulia. Walishuka Mheshimiwa Chakupewa, mpiga picha wa televisheni, mbeba mkasi, na bendi ya watu sita na ngoma kubwa. Walifunga utepe kati ya fito mbili mbele ya lile dimbwi lililokuwa barabara. Mheshimiwa alikuwa amevaa viatu vyeupe, na aliletewa ubao wa kukanyagia.

"Ndugu wananchi," alianza, "wapo watu wanaosema dunia inapata joto. Mimi nasema karibu, joto! Ni joto lililotuyeyushia barafu ya bahari, na leo meli za utafiti zinafika ambako babu zetu waliona theluji tu. Kama joto limetufungulia bahari, litashindwaje kutufungulia nchi kavu? Barabara hii ni imara. Nimeiona yote kutoka juu, na sikuona hata mtu mmoja akilalamika."

Bendi ikapiga. Utepe ukakatwa, nusu moja ikaangukia majini ikazama.

Hapo tukamleta Ngwali. Mheshimiwa aliinama akamshika mkono mbele ya kamera.

"Kijana, taifa linakuona."

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Ngwali, ambaye alimzidi Waziri miaka sita.

Sikudhani akapiga goti kwenye tope. Sikuwahi kumwona akipiga goti, hata kwa kutafuta mwiko ulioanguka. "Mheshimiwa, tunaomba siti moja tu. Zimebaki siku sita. Hapa hakuna daktari."

Mheshimiwa akamwinua kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mpole, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. "Mama, hebu fikiri pamoja nami. Nikimpandisha huyu, kesho wataandika nini? Dereva wa barabara ameondoka kwa anga, siku ya uzinduzi wa barabara! Nitakuwa nimeidhalilisha barabara. Na yeye je? Miaka yote dereva, leo aondoke kama mzigo? Hapana. Ataondoka kwa barabara, kwa heshima yake."

"Helikopta imejaa, Mheshimiwa?" niliuliza. Nilikuwa nimeshaona kwamba ngoma kubwa ina siti yake, na imefungwa mkanda.

"Kila kiti kimepangiwa," alisema mbeba mkasi.

"Mheshimiwa," Ngwali aliita kutoka mlangoni pake, "basi niandikeni kama ngoma. Nitapigwa njia nzima, sitalalamika."

Mheshimiwa alicheka mpaka akafuta machozi. Akampiga Ngwali bega, akamwambia mpiga picha afute kipande hicho, akapanda. Upepo wa mapanga ya helikopta ulilipeperusha shuka la Ngwali, nikalikimbilia. Nililishika mbali, kwenye maji. Niliporudi walikuwa wamekwisha kuwa kitone.

*

Ijumaa nilikwenda kwa Injinia kuomba yale mapipa manane. Yalikuwa yamebaki mawili. Kwa ajili ya ugeni, alisema, majokofu yaliendeshwa kwa nguvu zote siku tatu, na jenereta ya pili iliwashwa kwa ajili ya taa za mapambo kwenye mnara. Alinionyesha hesabu za matumizi. Zilikuwa sahihi kabisa.

Adhuhuri majokofu yakazimwa ili kubakiza dizeli ya kupikia. Saa tisa alasiri mnara ulianza kuinama kuelekea kusini, upande wa mji, kama mtu anayejaribu kusikiliza.

Kwa hiyo nikajaza Hati ya Kufunga Barabara. Nilitaka kuondoka na wengine, lakini madereva na wachimbaji wana mkataba wa kampuni usemao anayeondoka kambini kwa miguu amejiachisha kazi, na ukiacha hilo, tope lile huwezi kulivuka ukiwa umebeba mtu. Peke yako unaweza, ukirukia vichuguu vya nyasi kimoja hadi kingine kama panzi.

Nilikwenda kumuaga Ngwali. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu la mkaa, na jikoni, pamoja na karafuu yote, palinuka.

"Mtani," alisema, "ukifika ukakuta wanakula, usikae."

"Sitakaa."

"Nakujua. Ukiona pilau unasahau hata mama yako. Na ukiulizwa nani kakutuma, usiseme ni mimi. Sema ni mguu. Mimi nina adabu, mguu ndio una haraka."

Alinishika mkono muda mrefu kuliko watani wanavyoshikana. Nikaondoka.

Nilitembea siku tatu. Nilipita juu ya mabodi ya malori yetu, yote kumi na manne, yakiwa yametokeza paa tu. Nililala juu ya la nane. Viatu viliniishia kilomita ya arobaini. Niliingia mjini Jumatatu asubuhi, siku ya nane, nikaenda moja kwa moja ofisi ya wilaya, hati nimeifunga kifuani kwa mfuko wa nailoni.

Bi. Mwatima alinitazama miguu. Alipiga mhuri wa "Imepokelewa" haraka kuliko nilivyowahi kumwona akipiga mhuri, akaikimbiza hati ndani kwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe, naye akaniita.

"Hongera kwa safari," alisema Mkuu wa Wilaya. "Hati iko sawa, imejazwa vizuri. Swali dogo tu la kiutaratibu. Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu, mkuu."

"Umepita wapi?"

"Pale ilipokuwa barabara."

"Kwa hiyo umepita barabarani."

"Nilipita juu ya nyasi, mkuu. Na juu ya mapaa ya malori."

"Lakini njiani hapohapo. Mzee wa umri wako, bila viatu, bila msaada, umetoka Kambi ya Nne hadi hapa." Alifurahi kweli, akasimama. "Barabara ambayo mzee anaipita peku, tutaiitaje imefungwa?"

"Mkuu, kuna mtu atakufa kesho kutwa."

"Ndiyo maana nashukuru umetuhakikishia njia inapitika. Naagiza msafara wa uokoaji uondoke leo. Ambulansi mbili na malori manne. Kwa barabara."

Wakaandika mezani pale: ombi la kufunga limetenguliwa na mwombaji mwenyewe kwa kitendo cha kufika. Wakaniletea nisaini. Nikakataa. Wakasema haina haja, ile saini ya kwanza bado inafanya kazi.

Nilipotoka nje, madereva sita walikuwa wamesimama kando ya magari yao, injini zimezimwa. Wote vijana, wawili sikuwajua. Walikuwa wakiningojea nipande mbele, na ningekataa kupanda wasingekwenda, na wasipokwenda Ngwali hakuwa na hata ile nafasi finyu ya kuokolewa. Nikapanda ambulansi ya kwanza. Kabla hatujaondoka nilikwenda gari hadi gari na mtaimbo wa akiba wa wilaya, nikavunja lakiri kumi na mbili za serikali mbele ya askari. Askari aliandika zote.

Tulizama kilomita ya thelathini na moja. Milango ilikuwa wazi na wote tuliruka. Tulirudi kwa miguu, na siku ya kumi na moja, nikiwa mahabusu ya wilaya kwa kosa la lakiri, Bi. Mwatima alikuja dirishani na chai ya tangawizi kwenye chupa. Alisema Sikudhani amepiga redio.

Siku hiyohiyo helikopta ilikwenda Kambi ya Nne. Kanuni ya saba inahusu walio hai tu. Ya nane inasema maiti haihesabiwi kuwa mtumiaji wa barabara, na inaweza kusafirishwa kwa anga. Ngwali alifika mjini kwa dakika thelathini na tano.

Waliobaki kambini walitoka wiki ya tatu ya Februari, baridi ya kweli iliporudi kwa siku saba. Walitembea juu ya barafu hadi mjini. Shimo la kutafuta mafuta lilifika mita mia nne na kumi na likatoa maji ya vuguvugu. Wizara ilitangaza msimu wenye mafanikio, siku mia moja na themanini za barabara wazi, rekodi tangu enzi za baba yangu.

Mimi nilisomewa miezi mitano, mwezi mmoja kwa kila mwaka wa sheria, kwa kuwa hakimu alinihurumia. Gerezani nilikuwa na muda na kipande cha mkaa, nikaandika ukutani ilivyokwenda. Malori kumi na manane. Ambulansi mbili. Mnara mmoja, ulioanguka tarehe tisa Januari. Majokofu sita. Dizeli, mapipa kumi na mawili tuliyoyaokoa, na mia mbili na arobaini yaliyozama. Vidole vyangu vitatu vya mguu wa kushoto. Kazi za watu wanane, waliotoroka kambini Januari kwa miguu, na wawili kati yao hawajaonekana hadi leo: Mkumbwa, mchimbaji, na Shauri, fundi wa jenereta. Mafuta yaliyopatikana, hakuna. Na Ngwali, dereva, aliyeacha mke na mabinti watatu, ambaye kwa dizeli mapipa manane, au siti moja, angekuwa na mguu mmoja na uhai.